Koti la Mume Mwenza

Mume wangu ni fundi pikipiki, na watu wote wanamwita Taratibu. Jina hilo sikumpa mimi, ingawa siku nyingine natamani ningekuwa mimi niliyelibuni. Mtu akileta pikipiki iliyogoma, mafundi wengine wanarukia spana. Yeye anavuta kigoda, anamkaribisha mwenye pikipiki naye akae, kisha anauliza, "Haya, nieleze. Jana imeamkaje, imeshindaje, imelalaje?" Wateja wenye haraka zao wanasonya na kuondoka. Wanaobaki hawaendi tena kwa fundi mwingine.

Karakana yake na saluni yangu zinatenganishwa na ukuta wa mbao wenye tundu karibu na swichi ya taa, basi hakuna linalosemwa upande wake nisilolisikia. Yeye anadai ya upande wangu hayasikii. Mwongo mkubwa. Mimi, niseme mapema tusije tukalaumiana, subira sina. Nikimwona mtu kachoma nywele zake kwa dawa, namwambia palepale, "Shoga, umeziua mwenyewe." Taratibu hawezi. Tuna miaka kumi na tisa ya ndoa na sijawahi kumsikia akimwambia mtu, "Umeiharibu mwenyewe." Anasema, "Imechoka kidogo." Kuna bwana mmoja alitia mafuta ya kupikia kwenye injini, tena kwa kujisifu. Taratibu alichungulia, akanusa, akasema imechoka kidogo.

Nitaeleza wiki moja tu ya maisha yake, wiki ya mvua, maana ukimwona ndani ya wiki hiyo umemwona mzima mzima.

Jumatatu asubuhi alikuja Mkunga anasukuma pikipiki. Mkunga ni mama wa miaka hamsini na saba, mfupi, mwenye mikono ya nguvu na sauti ya kuamrisha. Nusu ya watoto wa mtaa huu amewapokea yeye. Wangu wawili walimwona yeye kabla hawajaniona mimi. Pikipiki yenyewe ina miaka ishirini na sita, tangi lake jekundu limepauka, na nyuma limefungwa sanduku la bati la vifaa vyake vya kuzalishia. Hatua chache nyuma alikuwa anakuja mume wake, Mzee Cherehani, fundi nguo mstaafu mwenye miwani mizito, kakumbatia kitu kikubwa cha bluu kilichokunjwa vizuri.

"Shikamoo, Mzee," nikamwamkia kutoka mlangoni pangu.

"Marahaba, binti yangu. Tumemleta mume mwenzangu. Hajisikii vizuri."

Mume mwenzangu ndivyo anavyoiita pikipiki ile tangu zamani. Anasema mke wake anaamka nayo, anashinda nayo, anarudi nayo kachoka, na yeye anaambulia chai ya kwenye chupa. Mtaa mzima unaujua utani huo, na Mkunga akiusikia huwa anajifanya kukasirika. Siku hiyo hakujifanya chochote. Alikaa kwenye kigoda kabla hajakaribishwa.

"Fundi, mdogo wangu, nina hadi Ijumaa," alisema.

"Ijumaa kuna nini, dada?"

"Barua imekuja zahanati. Pikipiki zote za zamani za kazi zinakaguliwa. Mkaguzi anakuja saa nne asubuhi, na itakayoshindwa kuwaka kwa kiki tatu inaondolewa, basi. Mpya haipo, wala hakuna anayejua itakuja lini. Mimi watanikalisha dirishani niandike kadi."

"Dirishani? Wewe?" nikadakia kupitia tundu la ukutani.

"Mimi! Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Niimalize kwa kugonga mihuri, na wale wanawake wa bondeni wajifungue na nani?"

Taratibu akavuta kigoda chake, akakaa, akafuta mikono kwa kitambaa. "Haya, nieleze. Inaamkaje?"

Nilitaka kupiga kelele. Siku nne zimebaki, na yeye anauliza pikipiki inaamkaje! Lakini Mkunga naye ni mtu wa kuuliza maswali wagonjwa wake, akaeleza kwa mpangilio. Kukiwa kukavu, haina neno. Ikinyeshewa leo, kesho asubuhi inagoma, unapiga kiki mpaka goti linalia. Jua likipanda, kwenye saa tano hivi, inawaka yenyewe bila kutengenezwa na mtu. Mafundi watatu wameshaishika. Mmoja alibadilisha plagi, mwingine koili, wa tatu betri, na kila mmoja aliirudisha mchana, saa ambayo ingewaka hata kwa kupulizwa.

"Mwezi uliopita," Mkunga alisema, na sauti yake ya kuamrisha ikapungua, "niliitwa bondeni alfajiri. Ikagoma. Nikaenda kwa miguu kwenye tope. Nilipofika mtoto kashazaliwa, kapokewa na jirani aliyekuwa anakanda unga. Mtoto kajaa unga mpaka kwenye nyusi. Tulicheka, na mama mzima, na mtoto mzima. Lakini nilivyorudi nyumbani sikucheka, Fundi. Angekuwa mtoto aliyetanguliza miguu badala ya kichwa, je? Jirani angefanya nini?"

Mimi niliacha kusuka. Taratibu akasema ataiangalia, iachwe ilale hapo.

"Basi na koti lake libaki," akasema Mzee Cherehani, akalifunua lile furushi la bluu.

Jamani, lilikuwa koti kweli. Juu ni nailoni nzito ya bluu, ndani kalipigia sponji pande zote, mshono mara mbili, chini kazungushia mpira wa kubana mpaka kwenye matairi, na mbele katia vifungo sita vya rangi ya shaba. Alilishona mwenyewe kwa wiki sita, na macho yale ambayo sasa hata kuingiza uzi kwenye sindano anaomba msaada. Taratibu alipitisha kidole kwenye mshono, akasema kwa dhati kabisa kwamba hajawahi kuona kazi safi namna ile. Mzee akatabasamu mpaka miwani ikapanda.

Usiku ule mvua ilinyesha ya kutosha. Jumanne asubuhi Taratibu akaitoa pikipiki karakanani, akapiga kiki moja. Ikawaka.

"Aa!" nikasema. "Imepona."

"Haijapona," alisema, na akakuna kichwa. "Mvua imenyesha usiku kucha, hewa yote imejaa maji, na imewaka kiki ya kwanza. Kwao inagoma. Kwa nini kwangu iwake?"

"Imekuogopa."

Hakucheka. Alizunguka pikipiki mara mbili, akaliangalia lile koti la bluu ambalo alikuwa amelisahau juu ya benchi, akaangalia pengine. Mimi nawaambia ukweli, hata yeye hakuliona jambo siku hiyo. Alichofanya ni kuja saluni kwangu, kasimama mlangoni na mikono nyuma, na mimi nikimwona na mikono nyuma najua kuna ombi.

"Mke wangu, naomba giza."

"Naomba nini?"

"Giza. Nataka kuona cheche inakimbilia wapi, na mchana haionekani. Wewe una mapazia mazito. Na ile chupa yako ya kupulizia maji kwenye nywele, nayo naiomba."

Nilikuwa na wateja watatu. Mmoja nimemsuka nusu kichwa, mmoja kapakwa rangi, mmoja yuko chini ya mashine ya kukaushia. Nikamwambia Taratibu aende zake na pikipiki yake inayonuka petroli. Yule aliyesukwa nusu akasema, "Mama Saluni, usimfukuze, mimi nataka kuona." Wengine wakamuunga mkono. Kufumba na kufumbua pikipiki imesimama katikati ya saluni, juu ya magazeti, uso kwa uso na kioo changu kikubwa. Taratibu alifunga bomba la mafuta, akaitoa plagi, akaiingiza kwenye kofia yake na kuilaza juu ya injini, akaziba tundu lake kwa kitambaa. Tukavuta mapazia.

"Sasa," akasema gizani, "umeme unatoka kwenye koili, unapita kwenye huu waya mnene, unaingia kwenye kofia, unafika kwenye plagi. Kukiwa kukavu hauna njia nyingine. Waya au kofia ikilowa, na ina ufa, umeme unakata kona. Mke wangu, mimi napiga kiki, wewe unapuliza pale nitakapokwambia."

Kiki ya kwanza, kavu: cheche ya bluu ikaruka kwenye plagi, imenyooka, nzuri. Nikapuliza maji kwenye koili. Cheche ile ile. Nikapuliza kwenye waya. Hapo, lo! Vijicheche vikaanza kutambaa juu ya waya, tss, tss, vinang'aa na kupotea. Nikapuliza kwenye kofia ya plagi, na Taratibu alipopiga kiki, umeme ukachomoka ubavuni mwa kofia ukarukia kwenye chuma cha injini, tak! Plagi yenyewe ikabaki giza. Wateja wangu walipiga vigelegele. Yule wa rangi alisahau rangi yake, nywele zikatoka nyekundu kuliko alivyoagiza, na mpaka leo anasema ndiyo rangi aliyoitaka.

"Rudia, Fundi! Rudia!"

Alirudia mara tano. Mtu ambaye nyumbani hata kubadilisha chaneli ananiachia mimi, siku hiyo alikuwa na watazamaji, na nilimwona kwenye mwanga wa zile cheche anatabasamu kama bwana harusi. Nilimpenda sana saa ile, ingawa sakafu yangu ilikuwa imelowa chapachapa.

Mchana kutwa aliitengeneza. Alibadilisha kofia ya plagi na waya mnene. Alifungua kila kiungio cha nyaya, na ndani ya viungio vingi alikuta kutu ya kijani, ile inayoota pale umeme na maji vikikaa pamoja. Akaikwangua kwa msasa, akachukua draya yangu ya mkono, ile ya kukaushia nywele, bila kuuliza, akakausha kiungio kimoja kimoja, akapaka grisi, akafunga. Jioni akaimwagia maji ndoo nzima. Ikawaka kiki ya kwanza. Mkunga akaja kuichukua, akalifunga koti juu ya sanduku, akaipanda, akaondoka anapiga honi mtaa mzima. Mvua ikaanza tena kabla hajafika kona.

Jumatano saa moja asubuhi nafungua saluni, namwona Mkunga anakuja. Kwa miguu. Anasukuma.

Sikuwahi kumwona mama yule akilia, na hata siku hiyo sitasema alilia, maana uso wote ulikuwa umelowa mvua. "Nimepiga kiki mpaka nimechoka," alimwambia Taratibu. "Mdogo wangu, umejitahidi. Nitakwenda kukaa dirishani. Huenda kuna raha yake, unakaa, hunyeshewi."

Hayo maneno yaliniuma. Nikamgeukia mume wangu. "Si uliimwagia ndoo nzima ikawaka? Sasa hii nini?"

Taratibu akachukua bisibisi, akafungua kile kifuniko kidogo cha ubavuni kinachofunika platini, pale ambapo cheche inaanzia kabla ya kufika kwenye koili. Akakigeuza. Ndani ya kifuniko kulikuwa na matone, mengi, madogo madogo, yameshikamana na chuma kama kwenye mfuniko wa sufuria ya wali.

"Haya maji hayajaingia kutoka nje," alisema polepole. "Mpira wa kifuniko mzima, na jana niliumwagia ndoo. Huu ni mvuke. Dada, jana ilifikaje nyumbani? Imelalaje?"

"Ilifika imelowa, na injini ya moto. Mzee akaivika koti lake palepale, kama kawaida. Huwa ananisubiri mlangoni nalo."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata nikichelewa, nakuta amelikunjua tayari."

"Tangu lini analo hilo koti?"

Mkunga akahesabu kwa vidole. "Tangu mvua za mwaka jana zilipoanza." Ndio wakati uleule pikipiki ilipoanza kugoma. Mimi niliona kwenye uso wake kwamba ameshaelewa, na nikaona pia kwamba hataki kuwa ameelewa.

Tulikwenda kwao sote watatu, tunaisukuma pikipiki. Mzee Cherehani alikuwa barazani, mbele ya cherehani yake ya zamani, na koti limetandikwa juu ya ukuta mfupi. Taratibu alisalimia, akaulizia afya, akaulizia macho, akakaa. Halafu, kama mtu asiye na shughuli, akalishika lile koti kwa ndani na kuliminya kidogo. Maji yakachuruzika kwenye kiganja chake mpaka kwenye kiwiko. Sponji lote lilikuwa limelowa. Ilikuwa wazi sasa: pikipiki inafika imelowa na injini ya moto, inavikwa sponji, inabanwa mpaka chini kwa mpira isipate hata upepo mmoja, na usiku kucha inachemka humo ndani na kutokwa jasho. Lililokuwa linaizuia kuwaka ni koti.

Mzee alikuwa anaeleza huku akitabasamu. "Mimi siwezi kumsindikiza. Macho haya. Basi nikasema, angalau mwenzangu anayemsindikiza asipate mafua. Mara tu ninapoisikia inaingia uani, namvika, bado ana joto lake."

Nikafungua mdomo. "Mzee! Kumbe ni wewe—"

Taratibu akanikanyaga mguu. Si kwa utani. Kwa buti lake la kazini, na kisigino. Niliona nyota mchana kweupe.

"—kumbe ni wewe uliyeshona vifungo vyote hivi kwa mkono," nikamalizia, na machozi yamenilengalenga.

"Ni mimi, binti yangu," Mzee akasema kwa furaha. "Usilie, ni vifungo tu."

Mume wangu akavuta kigoda karibu naye. "Mzee wangu, nina shida, na hakuna mwingine wa kunisaidia. Hili ni koti la baridi kavu. Kwa hizi mvua nahitaji jingine, la kazi ya leo na kesho. Nataka kitu kama paa, kining'inie juu yake bila kumgusa, pembeni pawe wazi, upepo upite. Na nataka aproni ya mpira mbele ya injini, kuzuia maji yanayorushwa na tairi. Na avikwe injini ikishapoa tu. Utaweza kufikia kesho jioni?"

Mzee alisimama, akachukua futi yake ya kitambaa shingoni, akaenda moja kwa moja kwa pikipiki. Akaipima bega, akaipima kifua, akaipima urefu, huku anamtajia Mkunga vipimo aandike kwenye daftari, kwani yeye mistari haioni. Mkunga aliandika.

Njiani kurudi karakanani na pikipiki, nililipuka. "Sasa kwa nini usimwambie? Ijumaa ikipita akaivisha tena hilo blanketi lake?"

"Mtu kamshonea mume mwenzake koti kwa macho yasiyoona uzi," Taratibu alisema. "Nimwambie kwamba ndilo linalomnyima mke wake kazi? Mimi siwezi. Na wewe, tafadhali, hadi Ijumaa jikaze."

Nilijikaza kisabuni. Alhamisi ile sitaisahau. Mzee alikuja karakanani mara mbili kupima kama nguo inakaa vizuri, na kila alipopita mlangoni pangu niling'ata kitana. Mara ya pili alisimama, akaniuliza, "Unaumwa jino, binti yangu?" Nikatikisa kichwa bila kufungua mdomo. Taratibu alikuwa upande wa pili anakausha platini kwa draya yangu, na aligundua kwamba chini ya kile kifuniko kulikuwa na kitundu kidogo cha kutolea maji, kimezibwa na tope la miaka mingi. Akakizibua kwa sindano ya kushonea ya Mzee. Jioni pikipiki ililala kwao chini ya paa lake jipya la nailoni nyeupe, pembeni wazi, imesimama imetulia.

Ijumaa mvua ilikuja tangu alfajiri, kwa makusudi. Nilifunga saluni. Wale wateja wangu watatu nao wakaja zahanati, pamoja na mwenye nywele nyekundu, na wanawake wa bondeni waliokuwa wamekuja kliniki na watoto wao mgongoni. Mkaguzi alikuwa kijana mwembamba mwenye mwavuli na ubao wa kuandikia, mpole lakini hatanii. Aliitazama pikipiki, akamtazama Taratibu.

"Ni lazima mmeikausha jana," alisema. "Isimame nje nusu saa kwanza."

Ikasimama nje nusu saa. Mvua ikaipiga tangi, ikaipiga kiti, maji yakachuruzika kwenye aproni mpya. Mzee Cherehani alisimama ukingoni mwa baraza, kakunja mikono kifuani, miwani imejaa matone. Mguu wangu uliokanyagwa ukaanza kuuma upya.

"Haya, mama. Kiki tatu."

Mkunga akapanda. Akapiga kiki. Kimya. Hata kukohoa haikukohoa.

"Moja," akasema mkaguzi, akaandika.

Mwanamke mmoja wa bondeni akashika mdomo. Mkunga akainua mguu kwa mara ya pili, na hapo likatokea jambo ambalo sijaliona kabla wala baadaye. Taratibu alikimbia. Nasema alikimbia! Alitoka barazani mbio, kandambili moja ikabaki kwenye dimbwi, mikono juu, anapiga kelele kwa sauti nisiyojua kama anayo: "Dada! Bomba! Bomba la mafuta!"

Mkunga akainama. Bomba lilikuwa limefungwa. Alilifunga mwenyewe alipoegesha, kwa mazoea ya miaka ishirini na sita. Akalifungua, akasubiri kidogo, akapumua, akapiga kiki.

Ikawaka! Iliunguruma mpaka madirisha ya zahanati yakatikisika. Watoto mgongoni wakaanza kulia, mama zao wakaanza kupiga vigelegele, mwenye nywele nyekundu akamkumbatia mkaguzi na mwavuli wake. Taratibu alisimama kwenye mvua na kandambili moja, anacheka. Mimi nililia waziwazi, sina haya. Mkaguzi akajikwamua, akaweka alama kwenye karatasi, akasema, "Imepita. Mama, njoo utie sahihi."

Lakini muuguzi alikuwa ametokea dirishani na simu mkononi. "Mkunga! Bondeni! Uchungu umeshaanza tangu alfajiri!"

"Sahihi nikirudi!" Mkunga akajibu, na hakuzima pikipiki hata kidogo. Akafunga kofia ngumu, akageuza, na alipopita mbele ya baraza akapunguza mwendo. Akamnyooshea mume wake kidole. "Wewe, unisubiri mlangoni."

"Nitakusubiri," akasema Mzee. "Ila yeye simviki mpaka apoe."

Akaondoka. Tukasikiliza sauti ikishuka kuelekea bondeni. Mzee Cherehani aliinua kidole tunyamaze, akaifuata kwa masikio mpaka ikapotea, ndipo akaniita pembeni akanipa kifurushi kidogo cha karatasi.

Kilikuwa kijikoti cha nailoni ya bluu, saizi ya draya yangu ya mkono, na kifungo kimoja cha rangi ya shaba. Nikaijua ile nailoni, imekatwa kwenye lile koti kubwa. Sponji halikuwemo. Pembeni, kulia na kushoto, kulikuwa na safu ya vitundu vya duara, na kila kitundu kimeshonewa ukingo wake kama tundu la kifungo.

"Nimeviacha wazi," akasema, "ipumue."

Nilimwangalia. "Mzee. Ulijua?"

"Tangu Jumatano. Macho yangu mabovu, lakini maji yakichuruzika kwenye kiwiko cha mtu nayasikia. Na wewe, binti yangu, uso wako hauna pazia."

"Sasa mbona hukusema? Mimi nimekaa siku mbili nang'ata kitana!"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, taratibu kama mtu fulani ninayemjua. "Mumeo alikukanyaga kwa ajili yangu. Nilisikia buti. Mtu akikuheshimu namna hiyo, unamwacha amalize."

Nilimbusu mkono tu. Tulirudi nyumbani kwenye mvua, mimi na mume wangu, yeye na kandambili moja, mimi nachechemea, na kijikoti nimekificha kifuani kisilowe.

"Mguu unaendeleaje?" akaniuliza, na niliona aibu imemjaa usoni.

Nikamshika mkono. "Umechoka kidogo," nikasema.